Hivi beta za gemu siku hizi ni majaribio kweli au ni tangazo tu la kutulipisha dola 70?

#1 Mkwaju Mchungu
Wakuu salama? Nina hoja, anayebisha aje na hoja, matusi peleka kwenye uzi wa Simba na Yanga.

Beta za siku hizi hazina majaribio yoyote. Zamani beta, yaani toleo la kujaribia kabla gemu haijatoka, ilikuwa ni watu wachache, gemu bado bichi, unacheza unaandika kasoro, wenyewe wanarekebisha. Sasa hivi beta inakuja wakati treila zote zimeshatoka, tarehe imeshatangazwa, na watu wameshalipia. Hapo unarekebisha nini? Battlefield 6, ile gemu ya vita, beta ilikuwa Agosti 2025, gemu ikatoka Oktoba 10. Call of Duty Black Ops 7 ndio balaa kabisa, beta mwanzoni mwa Oktoba, gemu Novemba 14, yaani kama wiki sita tu. Na wote hao ukitaka kuingia mapema sharti ulipie gemu kwanza. Sasa hayo ni majaribio au ni kiingilio cha mpira?

Halafu wanasema ni bure. Bure ya nani? Mimi natumia bando la simu, nishushe magigabaiti yote yale nicheze siku nne halafu wafunge nifute.

Msimamo wangu: usilipie kabla, usinunue siku ya kwanza, subiri mwaka mmoja. Utalipa nusu au pungufu na utapata gemu iliyokamilika. Punguzo la mwisho wa mwaka 2025 la Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, liliendelea mpaka Januari 5, Cyberpunk ilikuwa dola 20 na ushee, Red Dead 2 dola 15. Dola 70 ya nini?

#2 Padi Mbovu
Nimekaa paleee na kashata zangu.

#3 kaka_FPS
@Mkwaju Mchungu umechanganya mafaili mkuu. Battlefield 6 kuingia mapema haikuwa lazima ulipe, ulitakiwa uwe umejiandikisha kwenye majaribio yao ya ndani au ukeshe Twitch unaangalia watu wanacheza mpaka upewe kodi, ile namba ya siri ya kuingilia. Waliobana kwa malipo ni Call of Duty, na hata wao baada ya siku tatu wakafungulia kila mtu.

Pili hiyo ya kusema hakuna kinachorekebishwa sio kweli. Kwenye beta ya BF6 kulikuwa na jamaa wanateleza halafu wanaruka halafu wanakupiga risasi wakiwa hewani, watu wakapiga kelele mtandao mzima, gemu ilipotoka ule mwendo umepunguzwa, ukirukaruka hovyo shabaha inapotea. Hiyo imetoka wapi kama sio beta?

Tatu seva. Steam peke yake ilifika watu 521,079 kwa wakati mmoja. Huwezi kupima seva kwa wafanyakazi wako wa ofisini, lazima uite umma. Kwahiyo tangazo ndiyo, lakini na majaribio pia yapo.

#4 msela_wa_Keko
Katika hao laki tano na mimi nilikuwepo, ila nilikuwa kwenye foleni ya kuingia. Nikasubiri weeee mpaka LUKU ikakata.

#5 Mkwaju Mchungu
@kaka_FPS sawa ya Twitch nimekusikia. Lakini kunikalisha masaa naangalia mtu anacheza gemu yako ili unipe kodi, hilo sio tangazo? Umenisaidia hoja bila kujua.

#6 Mwalimu Konsoli
Nimeanza gemu enzi za kaseti za kupuliza vumbi kwahiyo nisikilizeni.

Swali mnauliza sivyo. Iwe tangazo au majaribio, kinachotuhusu sisi wanunuzi ni je, beta inasema ukweli kuhusu gemu? Jibu ni ndiyo, karibu kila mara, tatizo watu hawataki kusikia. Oktoba 2021 tulicheza beta ya Battlefield 2042, ilikuwa imeoza. Tukaambiwa tulieni, hilo toleo ni la miezi kadhaa nyuma, gemu yenyewe iko mbali sana. Novemba 19 ikatoka, ile ile, tena haina hata ubao wa matokeo tuliouzoea. Rudi 2019, demo ya Anthem, watu hata kuingia shida, ukiingia inaganda kwenye kuload. Wakasema itakuwa sawa. Ilitoka Februari na magonjwa yake, na seva zake zilizimwa kabisa Januari 12, 2026, gemu ikafa na hela za watu. Monster Hunter Wilds hivyohivyo, kwenye beta watu walipiga picha madubwana yana pembe nne kama boksi la sabuni, Februari 2025 gemu imetoka upande wa PC ikawa mzigo na riviu zikageuka nyekundu.

Na upande wa pili, beta ya BF6 ilikuwa nzuri na gemu imekuja nzuri, waliuza kopi milioni 7 siku tatu za kwanza.

#7 Mkwaju Mchungu
Mwalimu hapo unanitetea au unanipinga?

#8 Mwalimu Konsoli
Vyote viwili.

#9 NjoroBilaNeti
Niaje wasee wa Bongo. Kutoka Nairobi naongeza moja tu. Mnajiuliza mbona gemu zinatoka mbichi na jibu liko kwa kalenda. Hizi kampuni ziko kwa soko la hisa. Mwaka wa hesabu wa EA, wenye Battlefield na Anthem, unaisha Machi 31. Capcom, wenye Wilds, pia Machi 31. Sasa angalia tarehe, Anthem imetoka Februari 22, Wilds imetoka Februari 28. Hio si bahati mbaya. Wanataka mauzo yaingie kwa vitabu kabla mwaka ufungwe, hata kama gemu bado inahitaji miezi sita. Cyberpunk nayo ilisukumwa Desemba 2020 ndio iwahi Krismasi, baada ya siku nane Sony ikaitoa kwa duka lake na ikakaa nje mpaka Juni mwaka uliofuata. Wale madeva, watengenezaji wenyewe, walijua iko mbovu. Lakini nani anawauliza.

#10 Fundi Sumaku
Hiyo ya hisa ipo ila mnakwepa chanzo kikubwa, injini, yaani programu ya kutengenezea gemu. Siku hizi kila mtu anatumia Unreal Engine 5 na ile kitu ni nzito, ukigeuka kona mpya gemu inakwama nusu sekunde kwasababu kompyuta ndio kwanza inaandaa maelekezo ya kadi ya grafiki kwa kile unachokiona. Nenda kaangalie Borderlands 4 ya Septemba 2025, mtu ana mashine ya mamilioni na bado inakwamakwama. Beta haiwezi kutibu hiyo, iko kwenye msingi wa nyumba.

#11 kaka_FPS
@Fundi Sumaku hapana hapana. Cyberpunk sio Unreal, walitumia injini yao wenyewe. Wilds injini ya Capcom wenyewe. Anthem na 2042 zote injini ya Frostbite, ileile iliyotumika BF6 ambayo inateleza vizuri. Na Clair Obscur: Expedition 33 iliyobeba tuzo ya gemu ya mwaka Desemba 2025 ni Unreal 5, imetengenezwa na timu ndogo tu ya pale Montpellier, Ufaransa, dola 50. ARC Raiders nayo Unreal 5 na kiwango cha chini wameandika GTX 1050 Ti! Kadi ya mwaka 2016! Sasa injini ina kosa gani?

#12 Fundi Sumaku
Hujanisoma. Sijasema haiwezekani, nimesema inahitaji fundi. Hao wa ARC Raiders ni Embark, kundi la watu waliotoka DICE, watengenezaji wa Battlefield, wamebobea. Waliweka pembeni ile mifumo mizito ya mwanga inayokuja na injini wakatumia njia nyepesi. Studio nyingine zinachukua kila kitu kilichomo kwenye boksi zinabonyeza washa, halafu zinakwambia tumia DLSS, ile ya kukuza picha ndogo, na fremu za kubuni kuficha uchafu.

#13 Bint Forodhani
Assalam alaykum. Nyinyi mnatafuta mchawi nje ilhali mchawi yumo humu ndani. Mwenye kosa mnunuzi. Mtu kaona treila ya dakika mbili, hajui gemu ina nini, kashalipa, tena katoa na za ziada apate nguo ya dhahabu na siku tatu za mwanzo. Kampuni itahangaika kwa lipi na hela ishaingia?

Tazameni gemu ya Silksong. Watu watatu tu pale Adelaide, Australia. Walitangaza 2019 wakanyamaza miaka, watu wakafanya mzaha kuwa haipo. Agosti 2025 wakasema inatoka tarehe 4 Septemba, basi. Hakuna beta, hakuna kulipa kabla, hata wanaoandika riviu hawakupewa mapema. Siku yenyewe Steam ikaanguka, duka la Nintendo likaanguka, watu wanabonyeza kununua halipokei. Na gemu ilikuja nzima. Kwahiyo inawezekana.

#14 Ngosha wa Ziwani
Na waliuza dola 30 tu.

#15 Bint Forodhani
20 kaka.

#16 Ngosha wa Ziwani
Basi 20, punguzo la udugu.

#17 msela_wa_Keko
@Bint Forodhani Silksong nzima kivipi, yule dubwana anayeruka mwanzo mwanzo alinitoa roho. Nilitaka kuvunja padi.

#18 Bint Forodhani
Huyo Moorwing alipunguzwa makali kwenye apdeti ya kwanza kabisa kwasababu ya watu kama wewe 😂 Sie wengine tulimpiga akiwa na meno yake.

#19 Padi Mbovu
Weka mbali na watoto hii.

#20 Ngosha wa Ziwani
Mimi nimesoma kote, Silksong, Anthem, sijui nini, lakini nyie mnaishi nchi gani? Nina kibanda cha gemu huku Mwanza, wateja wangu hawajawahi kusikia hizo. Kwetu gemu ni FC, ule mpira wa EA, na wale wa simu ni mpira wa PES za PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP, zilizowekewa jezi za Simba na Yanga. Swali la kibanda ni moja tu kila Septemba, ninunue mpya au nibaki na ya zamani. FC 26 ilitoka Septemba 26, 2025, kanuni yangu sinunui mpaka Novemba maana kila mwaka ikifika zile ofa za Novemba inashuka bei vibaya. Wateja wananung'unika, nawaambia Mbappé ni yuleyule.

FC 24 kuna watu waliinunua bei kamili na Mei 2024 Sony wakaigawa bure kwa wanaolipia huduma ya PS Plus. Ukikumbuka hilo hutalipia mpira bei kamili tena.

Ila niwape sifa, FC 26 wametenganisha mchezo, kuna ule wa mashindano wa kukimbizana na kuna ule wa taratibu unaofanana na mpira wa kweli. Wazee wa kibanda wanataka wa taratibu, madogo wanataka wa kasi, sasa ugomvi umehamia kwenye kuchagua.

#21 kaka_FPS
Ngosha nakuheshimu ila FC hainaga beta ya umma, uzi huu unahusu beta 😂

#22 Ngosha wa Ziwani
FC yenyewe ndio beta ya FC ya mwakani.

#23 Mkwaju Mchungu
Huyu apewe maua yake.

#24 msela_wa_Keko
Wakuu naomba msaada kidogo nje ya mada. Nina Dell OptiPlex i5 kizazi cha 8, RAM 16, nimeiongezea GTX 1650 ile fupi. BF6 inaniambia Secure Boot, ule ulinzi wa wakati kompyuta inawaka, haijawashwa. Nikiingia BIOS nikaiwasha kompyuta haiwaki, inasema haioni pa kuanzia. Fundi wa mtaani ananiambia bodi imekufa.

#25 Fundi Sumaku
Bodi haijafa, huyo anataka hela yako. Hizi mashine za mtumba nyingi zikifika dukani Windows inapigwa haraka haraka kwa mfumo wa zamani, diski inakuwa na mpangilio wa zamani wa MBR badala ya ule mpya wa GPT. Secure Boot haiwezi kukubali hapo.

Rudisha BIOS ilivyokuwa iwake kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, tazama mstari wa BIOS Mode, ukiona Legacy ndio penyewe. Nakili vitu vyako muhimu kwenye flashi au diski ya nje, hapa usifanye ubishi. Halafu fungua CMD kama msimamizi andika mbr2gpt /validate /allowFullOS, ikikubali rudia ileile ila badala ya validate weka convert. Ikimaliza zima, washa huku unagonga F2, badili kutoka Legacy kwenda UEFI, ndio sasa washa Secure Boot. Windows yako inabaki na vitu vyako.

Habari mbaya ni kwamba ukimaliza yote hayo, kiwango cha chini cha BF6 ni RTX 2060. Kadi yako iko chini ya hapo.

#26 msela_wa_Keko
Daah. Mkuu ungeanza na habari mbaya.

#27 kaka_FPS
Chukua ARC Raiders msela, dola 40, kwa mashine hiyo umepita kiwango chao.

#28 NjoroBilaNeti
Na hii Secure Boot imesaidia nini kwanza? EA walisema siku mbili za kwanza za beta walizuia majaribio 330,000 ya kucheat na kuchezea mfumo wao wa ulinzi, lakini hizo siku mbili hizohizo tayari kulikuwa na video za watu wanaona kupitia ukuta. Wale wa Linux na Steam Deck ndio wamefungiwa nje kabisa. Mwizi anaingia, mwenye nyumba anabaki nje.

#29 Fundi Sumaku
Hakuna kufuli isiyovunjwika, lengo ni kumfanya mwizi atumie hela nyingi zaidi. Bila hiyo ungekuta kila mechi kuna wawili watatu.

#30 NjoroBilaNeti
Sikubali lakini naheshimu.

#31 Mzenji wa Maskati
Salamu kutoka Oman. Naona mnalia na dola 70, mie naomba niwachokoze kidogo. Huku Steam tumewekwa kwenye kundi la bei la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini tangu Novemba 2023, lile walilolianzisha walipoondoa lira ya Uturuki. Bei bado ni za dola lakini gemu nyingi zinakuja chini kuliko hizo zenu. Sio zote, yategemea mwenye gemu kaamua nini, kuna wengine wameweka bei ileile ya Marekani. Lakini zile ndogondogo raha tupu.

#32 Mkwaju Mchungu
Ngoja nielewe. Oman wapewe nafuu, mimi wa Tandika nilipe bei moja na mtu wa New York?

#33 Mzenji wa Maskati
Ndivyo yakhe.

#34 kaka_FPS
Hili ndio linauma kuliko beta. Afrika Kusini wana bei za randi, Afrika Kaskazini wamo kwenye hilo kundi, sisi katikati tumeachwa kwenye dola ya Marekani kavu. Dola 70 ni zaidi ya laki na sabini, na bado hujalipa makato ya kadi. Halafu wanashangaa kwanini huku watu wanacheza za kuchakachua.

#35 NjoroBilaNeti
Kwetu ni kama elfu tisa. Hio ni rent ya bedsitter kwa wengine. @Mzenji wa Maskati si unifungulie akaunti hapo tuwe tunabuy pamoja 🙏

#36 Mzenji wa Maskati
Usijaribu. Malipo lazima yatoke kwenye kadi ya nchi husika, na ukidanganya kwa VPN akaunti inaweza kufungwa na kila kitu chako kikaenda. Nimnunulie mtu zawadi pia Steam wanazuia pale bei zinapopishana sana. Njoo uhamie tu, joto tutagawana.

#37 Mwalimu Konsoli
Afadhali Steam inawauzia. Sisi wa PlayStation kwa Sony hatupo kwenye ramani. Tanzania haipo kwenye orodha ya nchi za PSN, ule mtandao wa akaunti za PlayStation, Kenya haipo, Uganda haipo. Kila mtu hapa ana akaunti ya Uingereza au Marekani au Afrika Kusini na anaishi kwa kununua kodi za gift card. Mnakumbuka Helldivers 2? Imetoka Februari 2024, sisi wa PC tukanunua Steam vizuri tu, Mei Sony wakatangaza kila mtu lazima aunganishe akaunti ya PSN. Tusio na PSN tufe? Ikaondolewa sokoni kwenye nchi 177 kwa mkupuo. Watu duniani wakashusha riviu mbaya kwa malaki, Mei 6 Sony wakarudi nyuma. Wachezaji walipigania gemu yao, sio kampuni iliyotuonea huruma.

#38 Padi Mbovu
Mwalimu umesema "sisi wa PlayStation" halafu "sisi wa PC". Una ngapi wewe?

#39 Mwalimu Konsoli
Mama watoto anasoma humu, tuliache hilo.

#40 Mkwaju Mchungu
Turudi kwenye bando maana hakuna aliyenijibu. Hata hizo za punguzo, Red Dead 2 ilikuwa dola 15 lakini inataka gigabaiti 150. Baldur's Gate 3 nayo 150. Kwa bando la simu nitalipa zaidi ya bei ya gemu kuishusha. Sasa punguzo liko wapi?

#41 Fundi Sumaku
Tafuta mwenye fiba anayo gemu hiyohiyo. Mwambie akunakilie folda ya gemu iliyoko ndani ya steamapps, kisha common, kwenye diski ya nje. Wewe nunua kwenye akaunti yako halali, bandika folda sehemu ileile kwako, halafu Steam bonyeza install kwenye ileile diski. Itachelewa kidogo inakagua mafaili yaliyopo, mwisho inashusha tofauti tu, mara nyingi kidogo sana. Huu sio wizi, umelipa.

Kariakoo kuna maduka yanafanya hivyo kwa hela ya soda lakini angalia wasikubandikie za kuchakachua zenye virusi.

#42 Ngosha wa Ziwani
Ndio maana mimi napenda CD. Ukichoka unauza, unabadilishana na mwenzio.

#43 kaka_FPS
CD za siku hizi nazo ni mapambo. Doom: The Dark Ages ya Mei 2025, diski ya PS5 ndani ina megabaiti 85 tu, zingine zote unashusha. Na Switch 2 ya Nintendo wameleta zile kadi ambazo gemu haimo kabisa, kadi ni ufunguo wa kushushia.

#44 Ngosha wa Ziwani
Megabaiti 85?? Hata wimbo wa Singeli na video yake unazidi.

#45 Bint Forodhani
Mie dawa yangu ya beta ni kurudishiwa hela. Steam ukinunua ndani ya siku 14 na hujafikisha masaa mawili ya kucheza wanarudisha, hawaulizi sana. Masaa mawili yanatosha kujua kama gemu inaganda. Hiyo ndio beta yangu, na naicheza siku ninayotaka mie. Kuna ujanja pia, ukinunua zile za kuingia mapema masaa ya siku zile hayahesabiwi.

#46 kaka_FPS
Hiyo ya mwisho ilikufa Aprili 2024. Valve, wenye Steam, walibadilisha, masaa ya kuingia mapema sasa yanahesabiwa kama mengine.

#47 Bint Forodhani
Wamebana kila tundu hawa. Lakini ya masaa mawili ipo palepale.

#48 Mkwaju Mchungu
Na bando la kuishusha ili nicheze masaa mawili nirudishe? Nani ananirudishia bando?

#49 NjoroBilaNeti
Mkwaju wewe shida yako si beta, shida yako ni neti 😂 weka wifi buda.

#50 Mzenji wa Maskati
Neti nayo ina mambo yake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, mdogo wangu Dar alikuwa katikati ya mechi. Akanipigia simu ya kawaida kunilaumu kana kwamba nimekata mimi.

#51 msela_wa_Keko
Hivi GTA VI si inatoka Mei 2026? Hiyo mimi nalipa hata bila beta, nisije kuulizwa na mtu.

#52 NjoroBilaNeti
Ulilala. Walisongesha tena, sasa ni Novemba 19, 2026. Na ni PS5 na Xbox Series pekee, PC hawajatangaza. OptiPlex yako itabaki inaangalia.

#53 msela_wa_Keko
Leo mna nini na mimi wakuu.

#54 Mkwaju Mchungu
Hapo ndio mnaona. Watu wote waliojaa humu kuniunga mkono kwamba tusilipie kabla, GTA ikifungua malipo watakuwa foleni ya kwanza. Nawajua.

#55 Mwalimu Konsoli
Rockstar, wenye GTA, walisogeza mara mbili mwaka 2025, maana yake wanaogopa kutoa mbichi. Hilo linaivunja hoja ya Njoro ya kalenda ya hisa.

#56 NjoroBilaNeti
Haivunji. Mwaka wa Take-Two, kampuni mama ya Rockstar, nao unaisha Machi 31. Mei 2026 na Novemba 2026 ziko kwa mwaka mmoja wa hesabu. Walisongesha ndani ya boksi lilelile 😎

#57 Mwalimu Konsoli
Kumbe wewe ni mhasibu. Lakini mwanzo ilikuwa itoke 2025 mwishoni, na ile kutoka 2025 kwenda Mei 2026 imevuka boksi.

#58 NjoroBilaNeti
Hio moja nakupa. Lakini moja tu.

#59 Padi Mbovu
Wakuu uzi mtamu, kashata zimeisha. Mimi nilikuja na shida yangu, padi yangu analogi ya kushoto, kile kijiti cha kusogezea, inajisogeza yenyewe, nikicheza FC beki anakimbilia golini kwake. Nimesafisha kwa spiriti imegoma. Ninunue ipi isiyo na ugonjwa huu?

#60 Fundi Sumaku
Tafuta yenye analogi za Hall effect, zinatumia sumaku badala ya kusuguana, hazilegei haraka. 8BitDo wanazo za bei ya kawaida, GameSir pia. Uliza muuzaji aoneshe maandishi kwenye boksi, akisema "zote ni sawa tu bosi" ondoka.

#61 Padi Mbovu
Kuna mtu anazo Dar?

#62 Ngosha wa Ziwani
Ninazo mbili za akiba, naja huko Jumanne. Njoo PM.

#63 msela_wa_Keko
Moja niwekee mimi.

#64 kaka_FPS
Wewe si kadi yako haifiki kiwango, padi ya kuchezea nini?

#65 msela_wa_Keko
Silksong. Nina kesi na yule dubwana.